Raku juu ya turubai: kununua, kuosha na kutunza vyombo vya moshi Kigoma

Kwa anayepita tu, raku, yaani chombo cha udongo kilichofukizwa moshi, ni chombo kilichonusurika kwenye nyumba iliyoungua. Kitako cheusi, ubavu una nyufa kila upande, rangi haijatulia. Muuzaji wa vyombo vya mtumba pale Mwanga au Ujiji hukisogeza pembeni ya turubai, pamoja na vikombe vilivyokatika masikio na birika zisizo na vifuniko, na ukimuuliza hakufichi: "Hicho kimeungua, kaka yangu. Lete elfu tatu."

Bei nzuri ya raku Kigoma inatokana na kutoeleweka huko. Hasara nayo inatoka hapohapo, kwa kuwa mnunuzi naye mara nyingi haelewi anachobeba. Anakipeleka nyumbani, anakisugua kwa majivu, anakitilia mchuzi wa ndimu, na baada ya miezi michache kimepoteza kila kilichomvutia. Tunaokusanya vyombo hivi tumeona hayo yakijirudia kwa kila anayeanza, kwa hiyo tuyaeleze kwa mpangilio wake, kuanzia turubai hadi rafuni.

Asili ya raku ni Kyoto, Japani, katika karne ya 16. Mfinyanzi Chōjirō alitengeneza bakuli za chai kwa ajili ya Sen no Rikyū, bwana wa sherehe ya chai aliyefariki mwaka 1591. Hazikuzungushwa kwenye gurudumu. Zilifinyangwa kwa viganja, zikachongwa kwa kisu, nyekundu au nyeusi. Udongo wake una vitundu vingi, ndiyo maana chai ya moto haiunguzi kiganja upesi. Ukoo wa Raku unafinyanga Kyoto hadi leo, na kazi zao haziangukii kwenye turubai letu. Anayekuambia "hii ni ya Japani ya kale, laki mbili," mshukuru uendelee na safari yako.

Tunachokipata sisi ni tawi la pili. Mwaka 1960 huko California, mfinyanzi Paul Soldner alitoa vyombo tanurini vikiwa bado vyekundu kwa moto, akavifukiza kwenye majani makavu. Njia hiyo ilisambaa kwa wafinyanzi wa Marekani na Ulaya, na kazi zao, vasi nyingi, bakuli ndogo, vijaluba vyenye vifuniko, ndizo zinazotufikia kwa njia mbili: ndani ya shehena za vyombo vilivyotumika zinazoshushwa Dar es Salaam na kuja huku, au kutoka kwa wageni wanaomaliza mikataba na kuuza vitu vya nyumba kabla ya kuondoka. Njia ya pili ina vitu bora zaidi, maana mtu hawezi kubeba kutoka kwao chombo cha udongo asichokipenda.

Elewa kwanza kinachotokea tanurini, kwa sababu vipimo vyote vya sokoni vinatoka hapo. Chombo hupakwa glezi, yaani ule utando wa kioo, na kupandishwa moto hadi kati ya nyuzi 900 na 1,000 hivi za Selsiasi. Glezi ikishayeyuka, mfinyanzi anakichomoa kwa koleo refu na kukitumbukiza kwenye pipa lenye unga wa mbao, majani au magazeti. Vitu hivyo vinawaka papo hapo, naye anafunika. Moto ukikosa hewa unabaki moshi, na moshi huo unafanya kazi mbili. Masizi yanaingia ndani ya udongo usio na glezi na ndani ya kila ufa wa glezi, na hayatoki tena. Halafu moto unaotafuta hewa unanyang'anya oksijeni kutoka kwenye shaba iliyomo katika glezi, shaba inarudi kuwa metali, na chombo kinapata ile rangi ya sufuria ya shaba yenye zambarau na buluu. Nyufa zenyewe zinatokana na glezi kupoa ghafla na kusinyaa kuliko udongo ulio chini yake.

Udongo wa namna hii lazima uwe na mchanga au vigae vilivyosagwa, la sivyo ungepasuka ukichomolewa. Mfinyanzi wa Kiha anayetwanga vigae vya chungu kilichovunjika na kuvichanganya na udongo mbichi anafanya jambo hilohilo kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo shule ya kwanza ya raku iko kwenye gulio, kwa akina mama wauza vyungu. Chungu cha kufinyanga kwa pindi za udongo, kikachomwa kwa nyasi na kuni mahali pa wazi, ni ndugu wa raku: moto mdogo, vitundu vingi, madoa ya moshi. Chukua asubuhi moja, amkia, omba ruhusa ya kugonga. "Shikamoo mama. Naomba nivigonge kidogo nisikie." "Marahaba baba, gonga tu, lakini kwa kidole, usigonge kwa pete." Onyo hilo la pete lina maana. Pete huchubua ukingo, na mlio wa chuma hufunika mlio wa udongo.

Gonga vingi. Kilicho kizima kina mlio mzito mfupi, kama kugonga kibuyu kikavu. Chenye ufa kinakoroma, mlio unakuwa na mkwaruzo ndani yake hata kama jicho halioni kitu. Sikio likishazoea vyungu, raku haikupi shida. Wengi huidharau raku nzima kwa sababu hailii "ting" kama kaure. Haitakiwi kulia hivyo. Raku inayolia ting ama ilichomwa kwa moto mkubwa, yaani si raku, ama ni kaure ya kiwandani iliyopakwa rangi ya kuigiza.

Hapo turubaini anza na kitako. Kigeuze. Udongo usio na glezi wa raku ya moshi huwa wa kijivu hadi mweusi, na weusi hauko sawa kila mahali. Upande uliolala kwenye unga wa mbao umeshiba zaidi. Kitako cheupe safi chini ya ubavu wenye nyufa nyeusi ni dalili mbaya: nyufa zimejazwa wino kiwandani. Kuna raku ambazo mfinyanzi alizisafisha kitako kwa msasa ili zikae vizuri, na hapo rangi imefifia, ila kwenye mikunjo ya ndani masizi yatabaki.

Kisha tone la maji. Lowesha kidole, gusa udongo wa kitako. Doa linanyweka ndani ya sekunde chache na kuacha alama nyeusi zaidi. Likibaki juu linang'aa, kuna kitu kimepakwa: nta, vanishi, au gundi ya ukarabati. Sogeza kidole kidogo kidogo kuzunguka ukingo wa juu na shingo, ndipo wauzaji wanaporekebisha. Mahali palipozibwa kwa epoksi pana uvuguvugu na ulaini wa plastiki, na maji hayaingii.

Tatu, kitambaa cheupe cha pamba chenye unyevu. Futa sehemu nyeusi kwa nguvu ya kawaida. Masizi ya kweli hayatoki, au yanatoka vumbi kidogo tu. Kikitoka cheusi chenye utelezi, hiyo ni kiwi ya viatu. Hili limeanza kuonekana kwenye vyungu vya kienyeji pia, vinavyopakwa kiwi au masizi yaliyokorogwa na mawese ili vionekane vya bibi. Mawese yanajitangaza yenyewe kwa harufu, hasa jua la saa saba likishapiga.

Nne, tafuta mshono. Chombo cha kumiminwa kwenye kalibu kina mstari mwembamba unaopanda ubavu mmoja na kushuka wa pili, na ndani kinafuata umbo la nje sawasawa kabisa. Kilichofinyangwa kwa mkono kina unene unaopungua na kuongezeka. Ingiza vidole viwili, kimoja ndani kimoja nje, utausikia. Kwenye raku tafuta pia alama ya koleo, kijikovu karibu na shingo au mdomo ambapo glezi imebonyea. Wapo wanaoomba punguzo kwa sababu ya kovu hilo. Omba tu, lakini moyoni ujue ni cheti cha kuzaliwa.

Saini iliyochorwa udongo ukiwa mbichi ina kingo zilizoinuka kidogo na masizi yameingia ndani ya mfereji wake. Iliyokwaruzwa baadaye ina rangi ya vumbi na kingo zilizomeguka. Jina usilolifahamu lisikupandishie bei. Wafinyanzi wa njia hii ni wengi mno duniani, na wengi wao walifanya kazi ya darasa la jioni.

Kuhusu bei tuseme wazi. Bakuli au vasi ndogo isiyo na ufa, kati ya elfu tatu na elfu kumi kwenye turubai. Kwa mgeni anayehama, chombo kilekile kinaweza kuanzia elfu thelathini, kwa kuwa yeye anakumbuka alichokilipa kwao. Gharama inayosahaulika ni ya baada ya hapo: boksi, usafiri, na rafu imara. Na ukichukua kibovu kwa sababu ni rahisi, utakirudia kukitazama kila siku kwa kinyongo. Ufa unaopita udongo wenyewe, tofauti na nyufa za glezi, achana nao kabisa. Utaujua kwa kuwa unaonekana ndani na nje mahali palepale, na mlio unakoroma.

Nyumbani, kazi ya kwanza ni kutofanya lolote kwa siku kadhaa. Kiache kivulini kwenye hewa, kitoe harufu. Chombo kilichokaa na dagaa sokoni kimenyonya, na harufu ya moshi wake mwenyewe inaweza kurudi pia kikipata unyevu. Hiyo ya moshi ni halali yake.

Kuosha: maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya maji, brashi laini ya meno, dakika chache. Usikiloweke. Hapa tabia zetu nzuri za jikoni ndizo zinazoua. Majivu na mchanga vinakwaruza glezi, ambayo kwenye raku ni laini kuliko ya sahani ya kawaida. Ndimu na siki zinakula rangi ya shaba, unaiona ikififia mbele ya macho. Dawa ya kung'arishia nguo inaingia kwenye vitundu, haisuuziki ikaisha, na chumvi zake hujitokeza baadaye kama unga mweupe. Suuza ya mwisho iwe kwa maji ya mvua. Maji ya bomba mjini Kigoma yanatoka ziwani, na Tanganyika ni ziwa lenye madini mengi na lenye alikali, karibu pH 9. Yakikaukia kwenye udongo mweusi yanaacha ukungu mweupe ambao watu huudhania kuvu. Kausha kivulini, kitako juu, kwenye vijiti viwili ili hewa ipite chini. Kitaonekana kikavu kesho yake. Bado. Kipe juma zima kabla hujakifungia kabatini, maana unyevu ulio ndani ya udongo ndio unaoleta kuvu msimu wa mvua.

Anayetaka uhakika zaidi apime uzito. Chombo kikavu cha gramu 500 kikilala majini usiku mmoja na kuamka na gramu 560, kimekunywa asilimia 12. Kaure haifiki hata asilimia 1. Jaribio hili lifanye kwa chungu cha kienyeji cha bei ndogo, si kwa raku unayoipenda. Lengo ni mkono wako ujue uzito wa udongo mkavu na wa uliolowa, ili sokoni ukinyanyua chombo kizito kupita umbo lake ujiulize kimeoshwa lini na kwa nini.

Matumizi sasa. Raku si chombo cha kulia wala kunywea. Maji yanapita kwenye nyufa na kutoka kitakoni. Jaza vasi, iweke juu ya gazeti, rudi baada ya saa moja. Chakula kinaingia kwenye nyufa hizohizo na kuoza. Glezi za moto mdogo, za zamani hasa, zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na asidi ya ndimu, ukwaju au nyanya huiyeyusha. Ukitaka maua mabichi, weka kopo ndani ya vasi.

Kuna hoja inayorudiwa mno: kama chombo kimetoka nyuzi 1,000 hadi hewani bila kupasuka, kwa nini kisihimili jiko? Kilihimili mara moja, na kuhimili huko kulikigharimu. Mshtuko ule ulikiachia mipasuko midogo mwilini mote. Ukikibandika mkaani unaiendeleza ile kazi iliyoanza, na siku moja kitako kitabaki jikoni mdomo ukiwa mkononi.

Wengine hujaribu kuiziba raku kwa uji, kama inavyofanyika kwa chungu kipya. Kwenye chungu njia hiyo inafaa: wanga unaziba vitundu, na kila kinapopikiwa moto unaukausha na kuukaza. Raku haiendi motoni, kwa hiyo wanga unabaki mbichi ndani ya nyufa, na wageni wa kwanza kufika ni sisimizi.

Kinachouma kuliko kuvunjika ni kufifia. Zile rangi za shaba zisizong'aa, nyekundu na buluu za kupendeza, si za kudumu milele. Shaba iliyonyang'anywa oksijeni tanurini inairudia taratibu kutoka hewani, na unyevu na jasho la mikono huiharakisha. Vasi inayowaka rangi leo inaweza kugeuka kahawia au kijani iliyopooza baada ya miaka. Huwezi kuzuia, unachelewesha: mbali na dirisha, mbali na jiko, mbali na bafu, na ishikwe kwa kitambaa. Wafinyanzi wengine huzipaka vanishi. Vanishi nayo hugeuka njano na kubanduka, na ukiikuta inabanduka usiichune kwa kucha, utaondoka na rangi. Anayenunua kwa ajili ya kukaa nazo miaka achague zaidi glezi nyeupe yenye nyufa nyeusi au zile zisizo na glezi zenye michoro ya moshi. Masizi hayachuji.

Ukikusanya na vyungu vya kienyeji pamoja na raku, na tunashauri ufanye hivyo, kuna maadui wawili wa huku kwetu. Wa kwanza ni mawese. Chungu kilichohifadhi mawese kinatokwa jasho la rangi ya machungwa kila joto likipanda, na kikigusana na raku kwenye rafu, kitako chake kinayanyonya. Kipe sahani yake na rafu yake. Wa pili ni chumvi. Uvinza imechemsha maji ya chumvi vyunguni kwa karne nyingi, na chombo chochote kilichowahi kushika chumvi kinaendelea kuitoa: msimu wa mvua chumvi inayeyuka ndani, kiangazi inaganda karibu na ngozi ya chombo na kuisukuma itoke magamba. Dawa ni kukizamisha kwenye maji ya mvua, kubadilisha maji kila siku, na kukausha tone la maji hayo juu ya kioo cheusi. Likiacha pete nyeupe, endelea. Udongo uliochomwa vibaya unaweza kulainika humo, kwa hiyo jaribu kwanza kigae.

Na usiokote vigae wala vyungu kwenye maeneo ya kale, Uvinza au kwingineko. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na muuzaji anayekunong'oneza kwamba chake "kimechimbwa" amekuambia mwenyewe usikinunue.

Rafu iwe ya ukutani yenye ukingo wa mbele, japo wa sentimita mbili. Tuko kwenye bonde la ufa. Tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005 chini ya Ziwa Tanganyika lilikuwa la ukubwa wa 6.8, na madogo yanapita bila kutangazwa. Vasi zenye shingo ndefu zitie kifuko cha mchanga mkavu ndani, robo ya kimo chake. Kila chombo kifungiwe kikaratasi kwa uzi wa pamba: kilipopatikana, bei, vipimo, kasoro. Usiandike kwa kalamu kwenye kitako, wino unazama.

Kusafirisha, iwe kwa treni kwenda Tabora au kwa basi, tumia ndoo ya lita 20 yenye mfuniko. Maranda ya mbao chini, kina cha vidole vinne. Chombo kijazwe nguo laini ndani, kifungwe shuka kuukuu nje, kisimame wima kama kinavyokaa rafuni, kisilazwe. Kimoja kwa ndoo, au viwili vyenye mto kati yao, visiingiane kamwe. Magazeti yasiguse udongo usio na glezi, wino wake unahamia. Jaza maranda hadi mfuniko uyabane, tikisa, ukisikia kitu kinatembea fungua uongeze. Na ndoo ikae miguuni pako, si kwenye buti la gari.

Kikivunjika, okota kila kipande hadi vumbi la ukingo, ufunge kwenye karatasi. Usikimbilie gundi ya sekunde. Ni nyepesi, udongo wa raku unainywa kabla haijashika, na ukikosea mpangilio hairudi nyuma. Gundi nyeupe ya maji inatosha kwa chombo cha kutazama: panga vipande vyote vikavu kwanza ujue kipi kinaanza, paka upande mmoja kwa safu nyembamba, shikiza kwa utepe wa karatasi, simamisha kwenye beseni la mchanga ili uzito ubane mshono, subiri siku nzima kabla ya kipande kinachofuata. Kisha andika kwenye kile kikaratasi kwamba kimeungwa, na wapi.